Aliyekufa Lazima Ainuliwe

Fundi alijua kwamba Mavyaa atakufa kabla Mavyaa mwenyewe hajajua, kwa sababu fundi ndiye aliyeambiwa avunje chumba chake.

Karatasi ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa karakana, kwa mkono wa Meneja mwenyewe, maana siku hizi pale studio Meneja alifanya kila kitu mwenyewe isipokuwa kazi. "Chumba cha Mavyaa kivunjwe Alhamisi saa tisa. Mbao zitumike kujenga seti ya saluni." Fundi aliisoma mara mbili, polepole, kidole chini ya kila neno kama alivyofundishwa katika ile miaka minne aliyokaa darasani, akaona hakuna alipokosea.

Chumba kile alikijenga yeye. Kuta tatu za mbao laini zilizopakwa rangi ya maziwa; ukuta wa nne haukuwapo, kwa sababu hapo ndipo kamera inapokaa. Dirisha lisilofunguka, na taa nyuma yake ikijifanya jua. Kitanda kimoja tu ndicho kilikuwa cha kweli, cha mbao ngumu. Miaka kumi na mmoja Mavyaa alilala humo, akaamka humo, akamsimanga mke wa mwanawe humo, na watu majumbani kwao wakimtazama kila Jumanne na Ijumaa jioni. Mtu havunjiwi chumba akiwa hai.

Mavyaa lilikuwa jina la kwenye tamthilia, lakini lilimganda yule mama mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Aliigiza mama mkwe mkali, mwenye rundo la funguo kiunoni, asiyemruhusu mkaza mwana wake afungue hata kabati la sukari. Sokoni mwanamke mmoja aliwahi kukataa kumuuzia vitunguu mpaka kwanza amwombe radhi yule mtoto wa watu. Mavyaa akamjibu palepale, "Yeye ndiye aje aniombe mimi. Supu yake ilizidi chumvi." Alipewa vitunguu, na kicheko juu.

Sasa walitaka kumwondoa. Kisa? Ati watazamaji wamechoka na sura za zamani. Nani aliwauliza hao watazamaji, fundi hakujua, na Meneja hakujua vilevile. Wakubwa ndivyo walivyo. Wakitaka kukutupa, hawasemi sisi tumekuchoka. Watasema watu wamekuchoka.

Na kumtupa mwigizaji ni rahisi. Mkataba wao una kifungu ambacho fundi alikijua kwa moyo, yeye asiyejua kwa moyo hata namba ya simu yake: mhusika akifa hewani, mkataba nao umekufa. Alikijua kwa sababu kifungu hichohicho kilimpitia mkewe.

Mkewe aliigiza mdogo wake Mavyaa. Kila mtu studio alimwita Mama Mdogo, kuanzia mlinzi wa getini hadi mpaka-rangi wa nyuso za waigizaji. Mwanamke wa vishimo vya mashavuni, ambaye akicheka mshika sauti analazimika kupunguza mashine. Miaka mitano iliyopita, mwezi wa kwanza wa Meneja huyu kukalia kiti, Mama Mdogo aliandikiwa kifo, akalazwa juu ya kitanda kilekile.

Hapo lazima nieleze desturi ya pale, bila hivyo kisa hakitaeleweka. Tangu studio ile ifunguliwe, mwigizaji aliyekufa mbele ya kamera haachwi amelala. Akishafumba macho, kamera inaendelea kuzunguka, yaani kurekodi, hakuna anayesema neno. Fundi seremala, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, anagonga ubao wa seti kwa nyundo mara tatu. Marehemu anafumbua macho, anakaa kitako, anasema lolote la kuchekesha, anaiangalia kamera. Ndipo taa zinazimwa. Kunaitwa kuinuliwa. Ukiuliza sababu, mpiga picha atakwambia hili na mpaka-rangi atakwambia lile. Mambo mengine mtu hafanyi kwa sababu anajua. Anafanya kwa sababu asipofanya hatalala.

Siku ya Mama Mdogo, fundi alikuwa tayari, nyundo juu, tena ameshajua mkewe atasema nini akiinuka, maana walipanga pamoja nyumbani jikoni huku wakicheka. Meneja akatazama saa. "Zimeni taa," akasema. "Hapa hatufugi ushirikina." Taa zikazimwa. Nyundo ilibaki juu gizani. Mama Mdogo akainuka mwenyewe akipapasa, akajigonga goti kwenye ubao wa kitanda.

Hakupata kazi tena. Miaka miwili aliketi kwenye mabenchi ya studio za watu, kila alikokwenda "tutakupigia, mama." Halafu figo. Fundi hakuwa mpumbavu. Alijua kilichomuua mkewe ni figo, na daktari alimwandikia jina refu la ugonjwa huo. Lakini alijua pia nani aliamuru taa zizimwe.

Basi Jumatatu ileile aliichomoa ile karatasi mlangoni akaenda nayo chumba cha kujipodoa. Mavyaa alikuwa kwenye kiti, shingo imezungushiwa taulo, mpaka-rangi akimchora nyusi za ukali.

"Shemeji," Mavyaa alisema bila kugeuka, akimwona kwenye kioo, "umekuja kunitazama nikipendeza au umetumwa?" Walikuwa wameitana shemeji tangu enzi ambazo Mavyaa na mke wa fundi waliigiza dada wawili, na marehemu alipoondoka ule ushemeji ulibaki.

"Nimetumwa na karatasi."

Mavyaa alisoma. Brashi ya mpaka-rangi ilisimama hewani.

"Saluni!" Mavyaa alisema. "Yaani wananizika, halafu juu ya kaburi langu watu wasukwe nywele!"

"Naweza kusema mbao zimeliwa na mchwa."

"Waache mchwa, hawana hatia." Akairudisha karatasi. "Ndiyo maana kurasa za Alhamisi sijapewa. Watanipa asubuhi hiyohiyo, nisipate nafasi ya kubishana. Haya. Kufa nitakufa, shemeji. Nimelipwa miaka kumi na mmoja niishi, siwezi kuona haya kufa siku moja. Tena nitakufa vizuri mpaka mwenye kunifuta ajilaumu. Ila mniinue."

"Utainuliwa."

"Mwenzangu hakuinuliwa."

"Nilikuwepo," fundi alisema.

Mpaka-rangi akapiga chafya ya uongo ili apate sababu ya kushika kitambaa.

Alhamisi saa mbili asubuhi fundi alimfuata Meneja kabla kamera haijawashwa. Meneja alikuwa kwenye seti, amevaa soksi bila viatu. Si ucheshi, viatu vyake vya bei mbaya vililia kila akikanyaga, na mshika sauti alimwambia achague, viatu au kipindi. Mwongozaji alishafukuzwa miezi mitatu nyuma, ati kupunguza mzigo, kwa hiyo sasa Meneja aliongoza mwenyewe. Mhariri wa picha wa zamani, mzee aliyeijua tamthilia kama ua wa nyumba yake, naye alishaondolewa. Akaletwa binti aliyetoka chuoni juzi. Wasaidizi wawili wa fundi nao walikwenda na wimbi hilohilo.

"Meneja, leo mama akimaliza, nitagonga."

"Utagonga nini?"

"Mara tatu. Desturi."

Meneja alicheka kwa pua. "Fundi, zama hizi bado mnaamini mambo hayo?"

"Mimi siamini kitu. Hata karatasi zako siziamini. Nagonga tu."

"Nikikataa?"

"Saluni unaitaka kesho saa moja asubuhi. Nisipogonga, sivunji. Usipovunjiwa, hujengewi. Wasaidizi wangu uliwafukuza, kwa hiyo itabidi uvunje mwenyewe, na hizo soksi."

Mpiga picha aligeukia kamera yake haraka kama aliyekumbuka jambo la dharura ndani ya lenzi. Meneja alitazama soksi zake; ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole kikichungulia kama shahidi. "Fanyeni upuuzi wenu," akasema. "Mimi akishafumba macho tu nimeondoka, nina kikao. Saa tisa chumba kivunjwe."

Kurasa zilifika, kama Mavyaa alivyobashiri, robo saa kabla. Kwa mujibu wa kurasa hizo, Mavyaa, mgonjwa kitandani, anamwita mkaza mwana wake, anamwomba msamaha kwa miaka yote ya masimango, kisha anakata roho. Mkaza mwana anachukua funguo chini ya mto, na utawala umehamia kwa vijana. Kwaheri ya kuonana.

Mavyaa alisoma mara moja, akamuuliza Meneja, "Funguo anachukua nikiwa nimeshakufa?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Nikiwa hai asingethubutu."

Wakaanza. Fundi alikuwa nyuma ya ukuta wa kushoto, nyundo mkononi, akichungulia kwenye mwanya wa mlango. Alishamwona Mavyaa akigomba, akinuna, akihesabu vijiko. Hakuwahi kumwona hivi. Sauti ilishuka, lakini kila neno lilifika. Alimwambia yule mwanamke kijana, "Nilikufungia kabati kwa sababu niliogopa siku utakayolifungua, mimi nitakuwa sina kazi humu ndani." Hilo halikuwepo kwenye kurasa. Binti aliyeigiza mkaza mwana, nyota wa mabango ambaye kwa kawaida alilia kwa msaada wa dawa ya matone, siku hiyo alilia machozi yake mwenyewe, na kamasi lake mwenyewe.

Mavyaa akafumba macho. Pumzi ikapungua, ikapungua, ikaisha. Meneja aliondoka kwa ncha za vidole, kimya kabisa, kazi pekee ya maana ambayo soksi zile ziliwahi kufanya. Mkaza mwana aliingiza mkono chini ya mto, akatoa funguo, akazikumbatia kifuani. Kamera inazunguka.

Mkono wa fundi ulipanda. Kwa dakika moja hivi, au pumzi moja, ulikataa kushuka. Aliona giza la miaka mitano iliyopita. Kisha akatazama juu: taa zote zinawaka.

Ko. Ko. Ko.

Mavyaa alifumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Akakaa kitako, akanyoosha kilemba, akageuka taratibu kwa mkaza mwana, na kwa sauti ileile iliyotisha nchi nzima akasema:

"Wewe. Rudisha funguo zangu. Nilikuwa napumzika."

Binti alijua kabisa kwamba kuna kuinuliwa. Hata hivyo alipiga yowe, funguo zikamruka, naye akarudi nyuma hadi akakaa kwenye stuli iliyowekewa dawa za mgonjwa. Mavyaa akaokota funguo, akazifunga kiunoni, akaitazama kamera. "Na huyo anayebisha hodi mwambieni asubiri. Bado sijanywa chai."

Seti nzima ilivunjika mbavu. Taa zikazimwa, na saa tisa kamili fundi akaanza kuvunja chumba. Ila hakukata hata ubao mmoja. Alifungua skrubu moja moja, akaandika namba kwa penseli nyuma ya kila ubao, moja mpaka arobaini na sita, na saluni akaijenga kwa mbao hizohizo zikiwa nzimanzima, namba zimefichwa upande wa nyuma. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wakubwa hawageuzi ubao kutazama nyuma.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyojichimbia shimo kwa jembe lake. Kila tukio la kweli la tamthilia hufunguliwa kwa kibao chenye namba, kinapigwa pa! mbele ya kamera, ili mhariri ajue hapa panaanza hiki na pale kile. Kuinuliwa hakupigiwi kibao, kwa sababu si tukio. Mhariri wa zamani alijua. Akisikia nyundo, anakata. Huyu binti mpya hakuambiwa na mtu. Alichokiona yeye ni mgonjwa anakufa, mtu anagonga mlango, mgonjwa anaamka anadai funguo, yote katika mkanda mmoja bila kituo. Akashangaa kidogo, akampigia simu Meneja: je, hiki cha kitandani nikitie chote?

Meneja alikuwa kwenye kikao kingine. "Tia chote," alisema. "Waigizaji nimewapunguza, dakika hazitoshi. Usikate kitu."

Jumanne jioni fundi alifungua televisheni, jambo ambalo hakulifanya tangu afiwe. Alitaka kumuaga shemejiye tu. Aliketi kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, mikono magotini. Mavyaa alipofumba macho, mtaa mzima ulinyamaza. Hata ile redio ya jirani isiyojua kuzimwa ilizimwa. Kisha fundi akasikia nyundo yake mwenyewe ikigonga ndani ya televisheni.

Alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

Yowe lilianzia nyumba ya tatu, likaruka uzio, likapita mtaa mzima kama moto wa majani, na nyuma yake kicheko. Mlango wake ukapigwa kwa viganja viwili. "Fundi! Fundi we! Mavyaa wenu amefufuka!" Alikuwa mama jirani, kijiko cha mchuzi mkononi. "Na sisi tulishaanza kulia hapa, kumbe bibi alikuwa anapumzika!"

Kesho yake asubuhi hakukuwa na salamu nyingine. Watoto wakiamshwa waende shule: nilikuwa napumzika. Karani akikutwa amesinzia juu ya mhuri: nilikuwa napumzika. Simu za studio zililia mpaka mpokezi akavua heleni. Watu wa sabuni, wale wanaolipia matangazo, waligoma kusikia habari za saluni; walimtaka yule mama, na funguo zake, ameshika sabuni.

Saa nne Meneja alimwita fundi ofisini. "Nani aligonga?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi. Na uliruhusu mwenyewe."

"Umeniharibia kipindi!"

"Mimi nilipiga ubao, Meneja. Ubao haujirushi hewani."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mavyaa aliingia na rundo lake la funguo kiunoni, zile za seti. Alitoka nazo Alhamisi na hakuna aliyethubutu kumdai. Mkononi alikuwa na mkataba.

"Mama, karibu, karibu sana," Meneja alisema, akasimama. Sauti ilikuwa imepakwa asali. "Nilitaka kukupigia. Tuzungumze mkataba mpya, tuanze upya, kwa masharti ya sasa—"

"Upya wa nini? Wa zamani umekufa lini?" Alikaa bila kukaribishwa kiti. "Nisomee hapa, mwanangu, macho yangu ni ya mtu mzima. Mhusika akifa wapi?"

Meneja alisogeza kidole kwenye mstari. "Hewani."

"Hewani mimi nilikufa? Nilidai funguo, nikadai chai. Maiti gani huyo?" Alimgeukia fundi. "Shemeji, wewe uliniona nimekufa?"

"Niliona umepumzika."

"Haya. Basi mimi ni mwajiriwa wako, na nilikuja kazini. Ila nimekuta chumba changu kimekuwa saluni." Akainua kidole kimoja. "Kirudishwe. Pili, atakayekufa humu, awe mkubwa awe mpita njia, atainuliwa, na iandikwe. Tatu, yule binti mhariri asiguswe. Alitii amri yako. Wazee wa kazi uliowafukuza ungekuwa nao, yasingekukuta."

"Ni hayo tu?"

"La nne ni picha. Ukutani kwangu, juu ya kitanda, nataka picha ya mdogo wangu. Miaka mitano nimeombolezea ukuta mtupu. Ndugu gani hana hata picha?"

Meneja alitazama simu iliyokuwa ikilia, akatazama ile nyingine iliyokuwa ikilia, akachukua kalamu. Fundi alimwangalia akiandika. Hakumshukuru. Kuna watu wanaofanya haki pale tu ambapo dhuluma imewashinda, na hao wajishukuru wenyewe.

Chumba kilirudi kwa nusu siku. Meneja alipouliza imewezekanaje, fundi alimwonyesha nyuma ya ubao: thelathini na tatu, kwa penseli. Meneja hakuelewa, na fundi hakumweleza.

Picha aliileta kutoka nyumbani kwake, imefungwa kwenye kanga. Si ile ya studio, ambayo mkewe alifunga mdomo kwa heshima. Ni ile aliyopigwa na mpaka-rangi mchana mmoja wa zamani, vishimo vyote viwili nje, kichwa nyuma, kicheko ambacho mshika sauti asingekipunguza. Aliitengenezea fremu ya mbao ngumu. Akapanda kwenye kitanda bila viatu, akapima kwa jicho, si pembeni ambapo kamera ingemkata, bali katikati, pale ambapo kila Jumanne na kila Ijumaa hakuna mkubwa ambaye angeweza kumtazama Mavyaa bila kumtazama na yeye.

Akapigilia msumari.

Ko. Ko. Ko.

Mavyaa alikuwa ameshajilaza tayari kwa tukio la kwanza, funguo tumboni, macho amefumba. "Shemeji," akasema bila kuyafumbua, "msumari mmoja, ubao laini namna hiyo, nyundo tatu? Umezeeka sasa."

"Ukuta mgumu," fundi alisema.

Akatundika picha, akainyoosha, akashuka. Nyuma ya kamera mtu wa soksi akapaza sauti kwamba wamechelewa, waanze. Fundi alipita mbele yake bila haraka, nyundo begani, akaenda kusimama mahali pake nyuma ya ukuta.